Magdaline Wachuka na Safu ya Jina la Mama

Leo Ijumaa, tarehe 30 Juni 1989, Bi. Magdaline Wachuka anastaafu baada ya kuitumikia masjala ya Mfuko wa Matibabu wa Wafanyakazi, tawi la Nyeri, kwa miaka ishirini na miwili na miezi mitano. Kwa kawaida wasifu kama huu huandikwa wiki mbili mapema, ukapigwa chapa na kuwekwa kando. Huu umeandikwa leo asubuhi, kwa haraka. Msomaji atuwie radhi.

Bi. Magdaline alianza kazi Februari 1967 katika chumba kimoja nyuma ya duka la saruji, mafaili yakiwa ndani ya maboksi ya sabuni. Alitumwa kwa miguu kwenye viwanda vya kahawa vya Othaya kuandikisha wafanyakazi na jamaa zao. Wengi waliona bima ni kodi nyingine iliyovaa koti jipya. Tatizo kubwa zaidi lilikuwa watoto. Huku kwetu watoto wa mtu hawahesabiwi, maana kuwahesabu ni kuwaitia balaa. Makarani wenzake waliuliza mtu ana watoto wangapi, wakajibiwa kwamba wako wa kutosha. Magdaline alifunika daftari, akauliza nani ameteka maji leo, nani yuko na mbuzi, nani anakohoa. Majina yalikuja yenyewe, naye akayaandika.

Mwaka 1975 paa la ofisi lilivuja. Alilibeba daftari lote la wanachama hadi kwake Gatitu, akalianika karatasi moja moja kwenye kamba ya nguo. Majirani walimuuliza kama siku hizi serikali inamlipa kufua karatasi. Hakuna jina hata moja lililopotea, na jambo hilo amelitaja mara moja tu kila mwaka, kwa miaka kumi na minne.

Sasa nifike kwenye kilichotutoa jasho mwezi huu. Wote tunajua kwamba kuanzia kesho, Julai mosi, masharti ya bima yanabadilika. Atakayetibiwa kwa kadi ni yule tu ambaye jina lake limo katika daftari jipya, na asiyekuwamo atangoja mwaka mzima. Waraka kutoka Nairobi ulisema pia kwamba jina lililorudiwa chini ya baba mmoja lifutwe, kwa kuwa kuna wanaoandikisha mtoto mmoja mara mbili. Kazi ya kufuta nilipewa mimi, Kingori. Nilichukua kalamu nyekundu nikafuta majina sitini na matatu, na nikajiona mchapakazi.

Alhamisi ya wiki iliyopita mama mmoja wa Othaya aitwaye Ngendo alikuja dirishani kwangu na binti yake wa miaka saba, Murugi, aliyeegemea fimbo. Mfupa wa paja la mtoto umeoza, na upasuaji umepangwa Jumanne ijayo, tarehe 4 Julai. Alitaka barua ya kulazwa. Nilitazama daftari jipya nikamwambia Murugi wa mumewe Theuri ni mmoja tu, naye ana miaka tisa.

"Huyo ni wa Wacera, mke mwenzangu," akasema. "Wangu ni huyu. Unasema hayuko na niko naye hapa?"

Nilimjibu kwamba waraka ni waraka. Najua, na nimeona haya ya kutosha tangu siku hiyo.

Magdaline alisikia kutoka mezani kwake. Alikuja polepole, akaliangalia lile daftari, akaniangalia mimi. "Kingori, kwenu mko Kingori wangapi?"

Tuko watatu. Baba ana wake watatu, na kila mke alimpa mwanawe wa kwanza jina la babu yetu, kama vile Wacera na Ngendo walivyowapa mabinti zao wa kwanza jina la mama yake Theuri. Nyumbani hakuna anayetuchanganya, kwa sababu kila mmoja huitwa kwa jina la mama yake. Nilijua haya tangu nikinyonya. Nilifuta hata hivyo, kwa kuwa kuuliza swali Nairobi kulinitisha kuliko kumfuta mtoto.

Daftari lilikuwa liende Nairobi kwa gari Jumatano saa sita mchana. Magdaline alichukua rula, akachora safu ya nne katika zile kurasa, na juu yake akaandika: Jina la Mama. Meneja wetu, Bwana Gicheru, alitoka ofisini mbio.

"Mama, hiyo fomu ni ya serikali! Huwezi ukaichorea mistari yako." Kisha akapunguza sauti, maana anamheshimu. "Faili yako ya pensheni iko kwa meza yangu. Imebaki kuandikwa tu kwamba huna kesi. Sasa unataka ustaafu na kesi?"

"Basi nistaafu nayo," akasema, na rula haikusimama. Ni mjane, na pensheni hiyo ndiyo tegemeo lake.

Jumapili tangazo lilisomwa makanisani toka Chaka hadi Othaya: wenye watoto wa jina moja wawalete wote, na kadi za kliniki au za ubatizo. Jumatatu foleni ilifika barabarani. Walisimama wawili wawili, Mathenge na Mathenge, Wacera na Wacera, mmoja mrefu na mwingine hana meno ya mbele. Bwana Gicheru aliwatazama kutoka mlangoni. Akaingia ndani, tukajua amekwenda kupiga simu Nairobi kutushtaki. Alirudi na mhuri, akaketi kando ya Magdaline, akaanza kugonga. Jina la mwisho liliingia Jumatano saa tano na nusu.

Jana tulingoja jibu. Mwanamke ambaye hajawahi kuinuka kitini kabla ya saa ya chai aliinuka mara tano kuhakikisha mkono wa simu umekaa sawa. Ngendo alikaa kwenye benchi na mtoto wake. Simu ililia saa tisa na dakika ishirini. Daftari limepokelewa lilivyo, majina yote sitini na matatu. Ila aliyebadilisha fomu ajieleze kwa maandishi katika siku kumi na nne, na faili yake isifungwe hadi hapo. Magdaline aliandika barua ya kulazwa, akampa Ngendo, ndipo akauliza nani ana kalamu na karatasi ya kujielezea.

Sikumpa. Nimeandika maelezo mwenyewe leo asubuhi: kwamba majina yalifutwa na mimi nikijua ni ya watoto hai, na kwamba safu ile ilichorwa kurekebisha kosa langu. Bwana Gicheru ameyasoma mara mbili, ametia sahihi, na ameyatuma.

Mama Magdaline, asante kwa miaka yote hii, na asante kwa swali lile ulilonitupia mbele za watu. Wenzako wote wa tawi la Nyeri wanakuombea siku nyingi, afya na usingizi wa kutosha. Faili yako imefungwa leo saa nne, haina doa. Yangu ndiyo iliyofunguliwa. Nakujua, kwa hiyo nakuomba mbele ya watu wote: usije Jumatatu kunitetea. Jumanne nenda hospitali ukamwone Murugi wa Ngendo, ukatusalimie.