Hadithi Aliyosomewa Mama

KIOGORA: Haloo, naongea na nani?

CELINA: Usikate.

KIOGORA: Hii namba siijui. Wewe ni—

CELINA: Ni ya Beverlyne, mwalimu mwenzangu. Yangu unaijua, na hushiki.

KIOGORA: Celina.

CELINA: Ndiyo, Celina. Dada yako. Habari ya Meru?

KIOGORA: Salama tu. Habari ya Karurumo? Mama ako—

CELINA: Mama yuko. Yuko na jirani yangu Alice mpaka nitoke shule. Saa hii ni mapumziko, niko na kama dakika kumi na tano.

KIOGORA: Hata nilikuwa nikupigie leo. Ni kazi, Celina. Hapa dukani kwa Salad tunashusha mabati tangu Jumatatu, lori moja halijatoka lingine limeingia—

CELINA: Mwezi mzima ni mabati?

KIOGORA: Na simiti.

CELINA: Sawa. Na simiti. Kiogora, nimesoma hadithi yako.

KIOGORA: Gani?

CELINA: Kwani uko na ngapi?

KIOGORA: Ile ya jarida.

CELINA: Ile ya jarida. Ukurasa wa kumi na mbili, na jina lako limeandikwa kubwa kuliko la hadithi.

KIOGORA: Imefika mpaka huko? Wale wa jarida waliniambia wanachapa nakala chache, zinaishia Nairobi na watu wa chuo.

CELINA: Beverlyne huziagiza. Yeye ndiye wa maktaba yetu. Watoto hapa wanagombania hizo hadithi za roketi na majini kuliko kitabu kingine chochote. Wanasoma mpaka karatasi inatoka nywele.

KIOGORA: Sikujua.

CELINA: Ungejua, ungefanya nini?

(Mkwaruzo wa netiweki.)

KIOGORA: Uliionaje?

CELINA: Unaniuliza kama msomaji?

KIOGORA: Nakuuliza tu.

CELINA: Mwanzo ni mzuri. Ule mji unaelea juu ya mawingu, watu wanapanga foleni ya hewa kama sisi tunavyopanga ya maji. Nikasema huyu ni ndugu yangu kabisa. Yule tuliyekuwa tunapanda naye juu ya magunia kule Mitunguu tukisoma majarida ya Baba, wewe unataka yenye nyota, mimi nataka yenye mazimwi.

KIOGORA: Ulikuwa unasoma haraka. Unafungua ukurasa na mimi sijamaliza.

CELINA: Ulikuwa mdogo. Sasa nisikie. Nikafika mahali pale pa yule msichana wako, Nkirote. Anamtunza mwanamke mzee, na mzee anapumua kwa mashine. Kisha umeme wa mji unapotea. Mtungi wa akiba uko hapo karibu, ni kuufungua tu, na Nkirote anakaa chini anautazama. Dakika kumi. Umeandika dakika kumi, Kiogora.

KIOGORA: Celina, hiyo ni hadithi ya—

CELINA: Hukuandika tano. Hukuandika robo saa.

KIOGORA: Ni hadithi ya angani. Iko miaka mia tatu mbele. Hakuna mtu atasoma hiyo kitu aseme ni—

CELINA: Stima ya Karurumo haingoji miaka mia tatu. Jana imepotea mara mbili. Mwezi wa nne nilikupigia. Nikakuambia stima imepotea, mashine ya Mama ya oksijeni imezima, na mimi nikakaa kwa kile kiti cha karibu na mlango, spana ya mtungi iko kwa mkono. Nilikuwa na siku tatu sijafunga macho. Nikakuambia nilikaa dakika kumi na sijui nilikuwa nangoja nini. Au labda najua. Sikumwambia padre. Muturi ni bwana yangu na sikumwambia. Nilikuambia wewe.

KIOGORA: Najua.

CELINA: Na wewe ukaenda ukaandika.

KIOGORA: Hata mimi siku— (mkwaruzo) —kabisa.

CELINA: Unakatika.

KIOGORA: Ngoja nitoke nje, haya mabati yanazuia. (anatoka nje) Unanisikia?

CELINA: Nakusikia.

KIOGORA: Nasema hata mimi sikulala baada ya hiyo simu. Nilijua ni kupanda gari kesho yake, nije. Nilikuwa nimefunga begi. Halafu nikasema wacha nimalize wiki. Wiki ikaisha, nikaona aibu. Nikaanza kuandika. Ilikuwa rahisi kukaa na huyo Nkirote kuliko kuja kukaa na wewe.

CELINA: Angalau umesema.

KIOGORA: Sikutaka kukuumiza.

CELINA: Mimi nimechoka, Kiogora. Kuumia kunataka mtu ako na nguvu.

KIOGORA: Huyo Beverlyne amejua ni wewe?

CELINA: Ngoja, sijafika hapo. Jumapili tukitoka kanisani Beverlyne akaja nyumbani, ameficha jarida ndani ya leso. Hata mimi alikuwa hajanionyesha, alitaka tuone pamoja. Akamwambia Mama, kijana wako ameandikwa. Mama akashika hiyo karatasi akapapasa jina lako kwa kidole. Akaniambia, soma.

KIOGORA: Mama? Ati ulimsomea Mama?

CELINA: Ningekataa nikisema nini? Alikuwa amefurahi. Ameketi wima, mpira wake wa hewa uko puani, macho yako kwangu. Nikaanza kusoma nikijua ni hadithi ya roketi.

KIOGORA: Celina, pole. Sikujua—

CELINA: Nikasoma ule mji, Mama akacheka hapo kwa foleni. Nikasoma yule mzee na mashine, akatikisa kichwa, akasema huyu ananifahamu. Nikafika kwa umeme. Nikasoma, "Nkirote akaketi." Nikaona mstari unaokuja. Sauti ikakataa kutoka.

KIOGORA: Ukawacha hapo?

CELINA: Nikasema macho yameuma. Beverlyne, kwa roho yake safi, akasema lete nikusaidie. Akachukua jarida akasoma yote. Dakika kumi, na vile msichana anainuka, anatoka nje, anafunga mlango. Anasoma vizuri huyo mwalimu. Anasoma na sauti ya redio. Mimi niko hapo nimeshika birika.

KIOGORA: Mama alisema nini?

CELINA: Beverlyne ndiye alisema kwanza. Alifunga jarida, akasema, "Hadithi ni tamu, lakini huyo msichana hana roho."

KIOGORA: Alikuwa anamaanisha Nkirote.

CELINA: Najua alikuwa anamaanisha nani. Nikammiminia chai. Mama hakusema kitu. Akamuaga Beverlyne vizuri, akamwambia asante, asalimie watoto. Alipotoka, ndio Mama akaniuliza kwa Kimeru, "Kiogora ameandika zilikuwa dakika kumi?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Kumbe zilikuwa kumi tu. Mimi niliona ni nyingi."

KIOGORA: Unataka kusema Mama alikuwa—

CELINA: Alikuwa macho. Aliniona kwa hicho kiti mwanzo mpaka mwisho.

KIOGORA: Aki, Celina.

CELINA: Miezi yote hii. Kila asubuhi namletea uji, ananiambia asante mwanangu. Namgeuza, namwosha, ananiuliza kama nimekula. Na alikuwa anajua.

KIOGORA: Amekasirika?

CELINA: Na nani?

KIOGORA: Sijui. Na sisi.

CELINA: Alisema kijana ameharibu mwisho.

KIOGORA: Ati?

CELINA: Hivyo ndivyo alisema. "Kijana anaandika vizuri, lakini mwisho ameharibu. Huyo msichana hakufunga mlango. Alikuja. Spana ilimwanguka mara mbili, akaiokota, akafungua mtungi, akanipaka mafuta kwa midomo kwa sababu ilikuwa imekauka. Mimi ndiye nilikuwa hapo. Yeye alikuwa Meru."

(kimya)

CELINA: Haloo? Uko?

KIOGORA: Niko.

CELINA: Unalia?

KIOGORA: Ni vumbi ya simiti.

CELINA: Sawa.

KIOGORA: Nilijaribu aende afungue huo mtungi. Huyo Nkirote. Niliandika hivyo mara tatu. Lakini kila nikiandika anarudi, naona ni uongo, kwa sababu mimi ndio... Wewe ulirudi. Yule ambaye hakurudi ni—

CELINA: Maliza.

KIOGORA: Kuna mteja anaita.

CELINA: Wacha aite.

KIOGORA: Naweza kuwaandikia wale wa jarida. Toleo lijalo waweke masahihisho, ama niandike nyingine, ya mwisho mwingine. Mama asomewe.

CELINA: Sitaki uandike kitu.

KIOGORA: Basi nifanye nini?

CELINA: Njoo.

KIOGORA: Jumamosi ya mwisho wa mwezi nita—

CELINA: Kesho. Na si kuja ukunywe chai umwonyeshe Mama jarida, jioni umeenda. Uje ukae. Wiki mbili. Watu wa kwao Muturi wananiuliza kwa adabu kama Mama ako na kijana ama hana. Muturi mwenyewe hajawahi kusema neno, lakini ni mkwe, na mkwe kumbeba mama mkwe kumpeleka choo si jambo la heshima. Yeye na Mama wote wanafunga macho. Unaelewa hiyo?

KIOGORA: Hukuwahi kuniambia.

CELINA: Nilikuwa naogopa utaandika.

KIOGORA: Hiyo nimestahili.

CELINA: Sikusema kukuumiza. Imetoka tu.

KIOGORA: Ngoja kwa simu. Usikate. (mbali na simu) Salad! Salad, nisikie kidogo. Ni mama yangu. Hapana, hajafa. Amelala kitandani kwa dada yangu huko Embu. Ndiyo, tangu mwaka jana. Sikukuambia, ndiyo. Wiki mbili. Najua kuna lori. Kiunga anajua stoo kuliko mimi, mpe Kiunga funguo. Sawa. Sawa, nimeshukuru. (kwenye simu) Celina?

CELINA: Nimesikia nusu.

KIOGORA: Amesema siku tisa. Amesema pia mimi ni mjinga, mtu kukaa na mama mgonjwa mwaka mzima bila kusema kazini.

CELINA: Salad ni mtu mzuri. Tisa nimechukua.

KIOGORA: Nitapanda gari la Embu la alfajiri. Nibebe nini? Matunda anakula?

CELINA: Ndizi zilizoiva sana anakula. Kama utapata za Mitunguu, atakuuliza shamba la nani, ujue jibu. Na uje na nguo za kazi. Wewe ndiye utamgeuza.

KIOGORA: Sijawahi.

CELINA: Hakuna mtu huzaliwa amewahi. Mkono mmoja chini ya bega, mwingine chini ya nyonga, na unamwambia kabla hujamshika. Hapendi kushtuliwa. Mtungi nitakuonyesha mwenyewe. Ukifungua, sindano ya geji, kile kipimo cha hewa, inapanda, unaweka lita mbili, usizidishe hata akikuomba.

KIOGORA: Lita mbili.

CELINA: Akikuomba, mpigie hadithi mpaka atulie. Hapo ndio utatusaidia. Beverlyne amemwachia majarida matano, yote amemaliza, na mimi nikifika ukurasa wa pili nasinzia na kitabu usoni. Juzi nilimsomea jini wa hadithi moja ndani ya roketi ya hadithi nyingine, ananitazama tu.

KIOGORA: (anacheka kidogo) Akasema?

CELINA: Akasema endelea, inaanza kuwa nzuri.

(mkwaruzo)

KIOGORA: Celina, ile hadithi, watu wa shule... watakuja kujua?

CELINA: Hawajui. Beverlyne ameniuliza mbona siku hizi namtoroka, nikamwambia ni uchovu, na si uongo. Siku moja nitamwambia mwenyewe huyo msichana ni nani. Si leo. Wewe usimwambie.

KIOGORA: Siwezi.

CELINA: Huwezi kusema. Kuandika?

KIOGORA: Kuandika pia. Naapa.

CELINA: Usiape. Njoo tu. Hiyo ni kengele, na Beverlyne amesimama mlangoni anataka simu yake, kuna— (mkwaruzo) —kwa mzazi.

KIOGORA: Unakatika. Mama utamwambia nini?

CELINA: Sitamwambia. Umeshasema unakuja mara ngapi? Akuone.

KIOGORA: Sawa. Hiyo pia nimestahili.

CELINA: Kredo ya hii simu inaisha, inapiga tii tii. Sikiza. Kesho sina masomo, ni Ijumaa ya michezo, nimeomba ruhusa. Nitakuwa nyumbani. Mlango wa jikoni haufungwi mchana, ingia tu. Dawa ziko juu ya kabati, ya saa nane ni ile nyeupe. Ukikuta nimelala—

KIOGORA: Nitakuamsha, tule kwanza, halafu—

CELINA: Usiniamshe.