Mkono Shavuni

Sogeeni, wanangu, na wewe Calist uzime hiyo redio, maana pumzi niliyobakiwa nayo haitoshi kushindana na mpira.

Shamba la mikorosho la Mzenga ni lenu wawili, Eugenia achukue upande wa kisimani, Calist wa barabarani, na asiuze mtu hata hatua moja, kwa kuwa katikati ndipo alipolala bibi yangu Mwamini. Hilo limekwisha. Lililobaki ni ile picha yake.

Tangu Eugenia aikute kwenye simu, katika picha za makumbusho ya huko Ujerumani, mmegombana mpaka hamsalimiani: Calist anataka kuitundika baa kwake, eti mrembo wa zamani, na Eugenia anasema ni aibu, wenyewe waambiwe waifute. Na hakuna aliyeitazama! Mimi nimeitazama wiki nzima. Nimemjua kwa kidole cha mwisho, kilichopinda tangu kilipopondwa na mchi, ndicho kilichokuwa kikinikwaruza aliponisuka. Chini wameandika, "Msichana wa Kizaramo akipumzika." Akipumzika! Ala, nani kwetu anapumzika kwa kuweka kiganja shavuni? Yule ameshika tama. Aliniambia mwenyewe, siku Mzungu mwenye kamera alipomkalisha kitini, mwanawe wa kwanza, Pazi, alikuwa na siku tatu kaburini; akaamriwa ashushe mkono, akakataa. Kweli, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Lakini pembeni ya picha kuna mguu, mmeuona? Wa nani? Mumewe? Mkalimani? Na kama ni mkalimani, mbona hakusema neno moja tu, "huyu amefiwa"? Nimeuwaza mguu ule mpaka nikacheka peke yangu, kizee cha miaka themanini na tano kinapeleleza unyayo. Nakufa sijajua, na inaniuma.

Basi, Eugenia, isifutwe. Waandikie: Mwamini binti Hemedi, wa Mzenga, amefiwa na mwanawe Pazi. Na wewe Calist, ukiitundika baa, radhi zangu huna. Iweke sebuleni, na majina yao yote mawili.

Maji... Ahsante. Mungu awape kusikilizana, awape na wajukuu wenye maswali mengi. Peaneni mikono, nione. Haya.

Picha ya kuweka juu ya jeneza hamna, najua, kamera nimeikimbia maisha yote. Calist, leta simu. Unipige picha sasa, kabla...

Ngoja, mwanangu. Kwanza uniulize nina nini.