Kibao cha Arobaini

Ndugu waombolezaji, dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Dada Namba, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya hospitali yetu ya jamii, akamaliza shule ya msingi mwaka 1980 na sekondari mwaka 1984, akatoka huko na mwandiko mzuri mno, hata madaktari wakawa wanamwonea haya.

Tarehe 2 Februari 1987 aliajiriwa mapokezi katika hospitali hiyo, isiyotafuta faida, yenye zahanati tano chini yake, akakaa kwenye dirisha lile miaka thelathini na sita, akigawa vibao vya mbao, namba moja hadi arobaini, kwa mkubwa na mchuuzi sawasawa. Mwaka 1991 mfanyakazi mmoja alimpitisha shemeji yake mbele ya mjamzito aliyekuwa akitokwa damu, na tangu siku hiyo Dada Namba akaweka sharti, kwamba mtumishi akiugua achukue kibao cha arobaini, wenzake wakanuna, kisha wakazoea.

Aliolewa tarehe 8 Agosti 1992 na dereva wa gari la wagonjwa, wakajaliwa mabinti wawili, mmoja muuguzi, mwingine mwalimu, na shemeji yetu anasema hata nyumbani aliwapakulia wageni, watoto na mume, yeye mwisho, nao walikuwa wakimtania kwamba kajipa kibao cha arobaini mezani.

Januari 2023 alihisi uvimbe kwenye titi, daktari bingwa alikuwa akija mara moja kwa mwezi, na dada, jamani, kila mwezi akachukua kibao cha arobaini. Februari daktari aliishia namba thelathini na tatu akaondoka, Machi thelathini na sita, Aprili thelathini na moja, na mdogo wake, huyu anayewasomea, alimsihi kila mara apite mbele, akajibiwa kwamba yeye yupo palepale dirishani, haendi popote. Tarehe 11 Mei bibi mmoja mwenye kibao cha kwanza alimshika mkono, akamwingiza kwa daktari kwa nguvu, lakini ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye mapafu.

Alitibiwa, akapata nafuu, akazidiwa tena, akafariki tarehe 19 Septemba 2024, saa nne asubuhi, wodi namba tatu, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake muuguzi. Mdogo wake alikasirika, hafichi, alikichukia kile kibao kuliko hata ugonjwa wenyewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliobeba maji na viti, wafanyakazi wenzake wa hospitali na zahanati zote, na bibi yule, ambaye amekuja. Tunaomba jambo moja tu kwa uongozi, kibao cha arobaini kimo mfukoni mwa msomaji, kitaingia jenezani, tafadhali kisichongwe kingine kwa ajili ya watumishi, nao wapange foleni kama watu wengine.

Dada, umesubiri vya kutosha. Pumzika kwa amani.