Kadi ya Punguzo na Inhela ya Kahawia

Wapendwa, kabla sijasema neno, hebu nyamazeni kidogo mnisikie nikivuta pumzi. Hivyo. Mmesikia filimbi yoyote? Hakuna. Mwaka jana, kifua changu kilikuwa kinapiga filimbi hadi walioketi viti vya mwisho wakawa wananyoosha shingo kutazama ni nani. Kwa hiyo mkiniona nimesimama hapa mbele ya kanisa nikicheka peke yangu, mnisamehe. Ni raha ya kupumua tu.

Mimi nina pumu tangu utoto, kule kwetu Kitale. Kazi yangu hapa ni hotelini: kutandika vitanda na kuosha mabafu. Wenye pumu humu ndani wanajua dawa huwa mbili. Kuna inhela ya buluu, ya kukuokoa ukibanwa. Halafu kuna ya kahawia, ya kuzuia usibanwe. Nilipokuja Doha nilikuwa nazo zote mbili, na zilipoisha nikawa nanunua kwa mzee mmoja Msudani mwenye duka dogo la dawa chini ya jengo tunaloishi, kule Al Wakrah, kusini mwa jiji. Mzee huyo sote tulizoea kumwita "daktari". Hakuuzii dawa kabla hajakuuliza umelalaje.

Basi, kazini ikaja habari ya kadi ya punguzo ya kampuni moja. Unajiandikisha, unapewa kadi, ukiionyesha kwenye maduka makubwa ya dawa bei inashuka. Ndugu zangu, nawaambia, ilishuka kweli! Inhela ya buluu ilikuwa karibu nusu. Nilitoka dukani nikijiona mjanja. Lakini ile ya kahawia haikuwa kwenye kadi, na bila kadi bei yake ilikuwa ileile ghali ya siku zote. Nikajiambia, ya kahawia hata ukiivuta huhisi kitu, ya buluu unaivuta na kifua kinafunguka papo hapo. Sasa ya nini nijibane? Nikabaki na ya buluu.

Duka kubwa liko ng'ambo ya barabara, kwa hiyo kila nikienda ilinibidi nipite mlangoni kwa mzee. Siku moja akaniita.

"Ukhti, ile ya kahawia siku hizi unanunua wapi?"

"Nina kadi, daktari. Wewe unaipokea?"

"Siipokei."

"Basi," nikamwambia, nikaenda zangu.

Kule duka kubwa walikuwa na adabu sana. Kila siku kijana tofauti kaunta, anapitisha kadi, ananiuliza kama nahitaji vitamini au mafuta ya ngozi, kwaheri. Hakuna aliyejua kwamba juzi tu nilikuwa hapo. Na mimi nilizidi kununua, maana ilikuwa rahisi.

Polepole nikaanza kulala nimeketi. Ngazi za hoteli zikawa mlima. Harufu ya dawa ya choo ikinigusa, nakaa chini ukingoni mwa bafu la mgeni nikingoja kifua kirudi. Msimamizi wetu, mama mmoja wa Nepal, hana ubaya, aliniambia wazi: "Vyumba vyako vinachelewa. Mkataba wako unakaribia kuisha, na wakubwa wanaangalia." Kwaya niliacha. Niliwaambia nimechoka. Wapendwa, sikuwa nimechoka, sikuwa na pumzi ya kumaliza hata ubeti mmoja.

Ikaja ile siku ya vumbi, mnaikumbuka, mji mzima ulikuwa rangi ya chai ya maziwa. Nilikuwa nimeishiwa dawa. Tukatoka na rumeti wangu, dada wa Uganda ninayekaa naye chumba kimoja, kwenda duka kubwa. Hatukufika hata barabarani. Kifua kilijifunga kama mlango. Nilitaka kumwambia tuendelee, kadi ninayo mkononi, lakini sauti haikutoka.

"Kadi gani, nyabo! Unakufa!" Akanishika kiunoni akanivuta ndani kwa Msudani.

Yule mzee hakuuliza kadi wala pesa. Aliniketisha, akafungua inhela mpya, akaiunganisha na chupa ya plastiki akaniwekea mdomoni. "Vuta polepole, ukhti. Tena. Tena." Huku anapiga simu ya ambulensi. Nilimwona rumeti wangu amepiga magoti kwenye kigae, analia na kuomba kwa Kiganda. Nikajua hali ni mbaya.

Hospitali walinituliza. Daktari wa kule akaniuliza natumia nini, nikamwambia ya buluu. Akasema, "Hiyo inafukuza moshi tu. Moto unaendelea ndani." Akaniandikia tena ya kuzuia.

Nilipotoka nilienda kumshukuru mzee, na pia kumwambia ukweli kwamba bei ya ile ya kahawia siiwezi. Hapo ndipo akanifungulia macho. "Bei nimepangiwa na serikali," alisema. "Mwenye kadi akitaka nipunguze, punguzo hilo linatoka kwenye faida yangu, na duka langu ni hili unaloliona. Duka kubwa linaweza. Likikupunguzia hapa, litapata kwa vitamini. Na kampuni inachagua dawa ipi iingie kwenye kadi. Haikuulizi wewe unahitaji ipi."

Halafu akatoa boksi ambalo sikuwahi kuliona. Dawa ileile ya kuzuia, kampuni nyingine isiyo na jina kubwa, na bei yake niliiweza bila kadi yoyote. "Mwombe daktari aandike jina la dawa, si jina la kampuni. Na kadi yako ya afya ya serikali, umeitengeneza?" Sikuwa nimeitengeneza. Nilidhani ni ya kuonyesha hospitali tu. Kumbe hata dawa za kituo cha afya zinashuka bei kwayo.

Ndugu zangu, haikuwa muujiza wa siku moja. Lakini asubuhi moja niliamka nimelala chali, nimejifunika vizuri, jua limeshaingia. Nililia. Mkataba uliongezwa, na yule mama wa Nepal ndiye aliyenisemea. Kwaya nimerudi, masikio yenu ni mashahidi.

Namshukuru Mungu. Namshukuru dada yangu wa Uganda, aliyeketi pale akijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Namshukuru mzee wa duka, ambaye ni Mwislamu, na kila Ijumaa ananiambia nimsalimie kanisa. Amewasalimu.

Sisemi mtupe kadi zenu. Rumeti wangu anaitumia kwa dawa ya presha na inamsaidia. Nasema ukipunguziwa bei, uliza kwanza kama hiyo ndiyo dawa unayoihitaji. Na mtu wa dawa anayekuuliza umelalaje, usimpite.

Nikae sasa. Ila wewe dada wa nyuma, karibu na dirisha, nimekusikia ukikohoa tangu mahubiri yaanze. Tukitoka, nisubiri mlangoni. Tutaenda pamoja.