Reli Aliyoipigia Makaa

Alasiri hiyo ya mwaka 1986, benchi la Salmin muuza kahawa, pale Malindi, liliwaka moto kabla ya jiko. Joram, fundi umeme wa hoteli moja ya ufuoni, alikuja na habari: mgeni Mwingereza atungaye michezo ya garimoshi ya kompyuta anataka reli moja ya Kenya, ya leo au ya kale, ielezwe kwa maandishi kabla hajasafiri kesho, aitie mchezoni. Mwakani atauleta mchezo. Musembi, waliyemwita Makaa, aliweka kikombe chini. Miaka kumi na tisa alichochea moto wa garimoshi la Voi na Taveta, akiahidiwa udereva, mpaka mvuke ukakomeshwa na yeye akapewa mkono wa kwaheri. Sasa mtoto wa jicho alishamfunga jicho moja, na la pili lilikuwa njiani.

— Andikeni Voi–Taveta ya mvuke, alisema. Niiendeshe mwakani, kabla sijawa wa kushikwa mkono.

— Akhi, hiyo si ishajengwa? alijibu Salmin. Andika Mombasa–Malindi.

— Haipo hiyo, alisema Musembi.

— Ndiyo maana twaitaka. Pale Kilifi watu wazeekea foleni ya pantoni.

— Na pale Kilifi garimoshi litavukaje?

— Litavuka tu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Charo, mkulima wa Sabaki, akaona wanamwacha nyuma.

— Isiishie mjini. Ivuke Sabaki, ipande Lamu, ipite Mogadishu, ishuke Maka. Mahujaji walale humo humo.

— Na bahari ya Shamu? aliuliza Joram.

— Ipite juu. Vyaelea, vimeundwa.

— Nyie mwacheza, alifoka Musembi. Mimi naomba kitu nilichokifanyia kazi.

Salmin akammiminia kahawa nyingine bila kuombwa.

— Haya, Makaa. Chukua wewe.

Ndipo akaja Kamaria, mpiga taipu wa hoteli, aliyeagizwa na Joram. Alipakata taipureta yake, akaingiza karatasi.

— Shikamoo, baba Musembi.

— Marahaba, mwanangu. Andika Voi–Taveta.

— Nimeandika. Mgeni asema mchezo huonyesha anachokiona dereva. Mkiisha kutoka Voi, mbele kuna nini?

Musembi akafungua kinywa. Akaona koleo la makaa. Akaona mlango wa tanuri, weupe wa moto uliomkausha jasho kabla halijadondoka, na mgongo wa dereva, marehemu Thuku, aliyechungulia nje peke yake.

— Kuna kona? alisaidia Kamaria. Kuna mlima?

— Kuna mpando. Mpando naujua, ulikula makaa.

— Upande upi wa mlima?

Joram akamtazama Charo, Charo akatazama miguu yake.

— Tunga, Makaa, alinong'ona Salmin. Mzungu atajuaje?

— Nitajua mimi.

— Basi tumuulize mtu mwingine wa reli.

— Nani? Thuku yuko kaburini.

Vidole vya Kamaria vilingoja juu ya vitufe. Musembi alipapasa ukingo wa benchi, akainuka polepole.

— Futa. Andika ile ya Salmin.

— Lakini baba, ile haijajengwa.

— Ndiyo hiyo. Hakuna aliyepita humo akitazama tanuri badala ya njia.