Siku Jiko Langu Lilipovuliwa Nyasi

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Asifiwe tena, maana mimi mpaka leo nimeshangaa, mdomo haujafungika.

Mnanijua, bibi yenu wa hapa Mugoma, darasa la pili sikumaliza. Mnajua pia niliahidi mbele yenu kwamba nyanya za sikukuu ya jumuiya zitatoka kwangu. Mwaka jana nilileta chumvi tu, nikakaa nyuma kabisa. Nikasema mwaka huu aibu hiyo basi.

Ndugu zangu, jua lile mliliona wenyewe. Maua yakadondoka, majani yakajikunja, na vile vitunda vichache vikababuka upande mmoja, vyeupe kama vimemwagiwa uji wa moto. Mimi saa sita kamili nabeba ndoo, namwagia. Nilijisemea, mimi nikiwa na kiu nakunywa saa hiyo hiyo, singoji jioni. Kumbe nazidi kuziua.

Mkamwana wangu Adelina akaniambia, "Mama, tuzijengee kivuli. Na maji tumwagie asubuhi na jioni."

Nikamjibu, "Kivuli cha nini, zinaumwa? Nyanya inataka jua. Wewe umeolewa hapa juzi tu."

Akanyamaza. Na hata ningekubali, nyasi za kivuli hicho zingetoka wapi? Milima yote moto ulishapita.

Mara nikapata habari dada yangu anaumwa kule Nyamahanga, Biharamulo. Nikaenda, nikakaa siku nne. Kila jioni tunasali rozari, na mimi, Mungu anisamehe, fungu moja la dada, yale manne yote ya nyanya. Mama Maria, leta wingu, hata dogo. Wingu halikuja.

Dada akapata nafuu, nikarudi. Ndugu zangu, nafika nyumbani, jiko langu halina paa. Fito zimebaki tupu kama mbavu za ng'ombe wa njaa. Mafiga nayaona kutoka barabarani. Nilikaa chini, mzigo bado uko kichwani. Nikasema hapa kuna mtu kafa.

Adelina akatoka, akapiga goti. "Shikamoo, mama."

Badala ya marahaba nikauliza, "Nani kanivulia jiko?"

"Ni mimi, mama. Nyasi zilikuwa hapo tu."

"Na mvua ikija?"

"Mvua ikija, mama, nyanya hazitataka tena kivuli."

Nikashika fimbo, nikashuka bondeni kwenye nyanya kwa hasira. Nikakuta nyasi zangu zimelazwa juu ya vijiti vilivyosimikwa kati ya nyanya, nyeusi kwa masizi yangu ya miaka yote. Nyingine katandaza chini, kwenye mashina. Nikaingiza mkono: udongo wa baridi, una maji. Majani yamekunjuka. Maua mapya. Fimbo ikanidondoka. Nimeomba wingu siku nne, na wingu lenyewe nilikuwa napikia chini yake kila siku!

Ndugu zangu, mchuzi mtakaokula leo ni wa nyanya hizo. Mungu kaziokoa, na mimi kaniokoa na kichwa changu kigumu. Wewe unayeomba na kuona kimya, usikate tamaa, mtumaini tu. Ila kwanza kumbuka, nyumbani kwako ulimnyamazisha nani?

Mvua ziko karibu na jiko liko wazi. Atakayepata nyasi popote, aniletee mzigo mmoja. Adelina ndiye atawaonyesha pa kuanzia. Mimi safari hii nitanyamaza, nitawapikia.