Kikombe cha Ndugu Mgongo: Maisha ya Nestory Shigela Malimi

Ndugu waombolezaji, wengi wenu mmeigeuza karatasi hii mbele na nyuma mkitafuta uso wa marehemu. Mchapaji hakukosea. Picha ya mgongo aliitaka mwenyewe, na tukifika mwisho mtaelewa.

Nestory Shigela Malimi alizaliwa tarehe 14 Septemba 1949 huko Kisesa, wilayani Magu, mtoto wa nne wa mzee Shigela Malimi na mama Wilhelmina. Mama yake alikuwa akisema mtoto huyu alijua kuanguka kabla ya kutembea, na kutembea kwenyewe hakukumkolea sana.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini, mwaka 1958 hadi 1965. Kwenye masomo tusimsingizie. Siku walipoezeka darasa, wenzake waliteremka kwa ngazi, yeye akarukia lundo la nyasi. Mwalimu alimchapa kwanza, ndipo akamuuliza ameumia wapi. Akajibu, "Kwenye fimbo, mwalimu."

Mwaka 1968 aliajiriwa na kiwanda cha kuchambua pamba mjini Mwanza, akakuta alichoumbiwa: roshani juu, na chini pamba imejaa kama mawingu. Saa ya kula hakuhangaika na ngazi. Ndiko alikomwona Dorotea, aliyekuwa akishona magunia. Akapanda juu kabisa, akajirusha, akazama, akaibuka na kichwa cheupe kama babu. Dorotea wala hakuacha sindano. "Ukimaliza kuanguka," alimwambia, "njoo uongee kama watu."

Akaenda kuongea. Walifunga ndoa kanisani Magu tarehe 20 Julai 1974, wakajaliwa watoto wawili, Kija na Nkwabi.

Kiwanda kilipopunguza watu mwaka 1992, naye akapunguzwa. Zilikuwa zama za ruksa, kila mtu anafungua kitu, naye akafungua banda la video Kirumba: runinga, deki, mabenchi, na magunia ya pamba ya kuzibia mwanga. Picha zake zilikuwa za ngumi na kuruka. Ila kuangalia picha kwa Nestory kulikuwa na adhabu yake. Steringi, yule shujaa wa picha, akiruka kutoka ghorofani, watu wako juu ya mabenchi wanashangilia, yeye anasimamisha kanda. "Huyo siyo steringi. Steringi yuko kivulini anakunywa chai. Angalieni mgongo." Watu wanaguna, anarudisha nyuma, anaonyesha tena, mpaka waliokuja kustarehe wanatoka wamesoma. Mtu yule anayeruka badala ya steringi, asiyeonyeshwa uso wala kutajwa jina, Nestory alimbatiza Ndugu Mgongo.

Kila mwezi wa tatu aliikumbatia redio asikie huko Amerika zawadi kubwa za sinema wamempa nani. Wanapewa wa kulia, wa kuimba, mpaka wa kushona nguo za waigizaji. Wa kuanguka hana fungu lake. "Fundi cherehani anakumbukwa," alilalamika, "aliyeichana hiyo nguo kwa kupita dirishani hajulikani." Basi akanunua kikombe cha washindi wa mpira wa miguu pale Nyamagana, akakiweka juu ya runinga. Kila Jumatatu ya Pasaka watazamaji walichagua anguko la mwaka, na kwa kuwa mshindi yuko ng'ambo na jina lake halijulikani, jirani Bimdogo alimpokelea, akahutubia, akakirudisha kikombe mahali pake.

Mwaka 1995 walikuja watu wa video kutoka Dar kupiga picha kwenye kivuko cha Kamanga. Steringi wao alitakiwa aruke ziwani kutoka juu ya kivuko. Akayaangalia maji, akakumbuka ana mafua. Nestory, na miaka yake arobaini na ushee, akavaa shati la steringi. Aliomba kitu kimoja tu: jina lake liandikwe mwisho wa picha. Wakasema hilo halina shida. Akaruka, akatua vibaya, nyonga ikaumia. Nyumbani alisema ameanguka na baiskeli. Dorotea alimkanda kwa maji ya moto wiki nzima, akiilaani baiskeli.

Kanda ilifika Kirumba Pasaka ya mwaka uliofuata, ikiwa imeshapata zawadi huko Dar, na steringi kaipokea. Nestory alikaa kimya picha nzima, jambo lililowashangaza watu. Mwisho majina yakapanda: dereva, mpishi, msuka nywele. La kwake halikuwemo. Watu nao, baada ya shule yote ile, wakapiga kelele kikombe apewe steringi. Suhaib, aliyekuwa anaendesha deki, akarudisha ule mruko watu wauone kabla ya kuchagua.

Dorotea alikuwa mlangoni anauza karanga. Alitazama, akaweka sinia chini.

"Baba Kija, kumbe baiskeli yenyewe ndiyo hiyo?"

Suhaib akaisimamisha picha. Bimdogo akamwambia Nestory, "Hebu geuka." Akageuka. Wakatazama runinga, wakamtazama yeye, wakatazama tena runinga. Kwa shangwe iliyofuata hapo mabenchi hayakupona.

Bimdogo alishusha kikombe akampa mwenyewe mkononi, mara ya kwanza mshindi kuwepo. Mpiga picha alimwambia aelekee kwenye kamera. Nestory akampa mgongo, na ndiyo picha mliyoishika. "Uso wa nini? Kazi nimefanyia huku." Hotuba aliitoa Dorotea: "Nashukuru. Asiruke tena."

Na hakuruka. Nyonga haikukaa sawa, na tangu 1997 shinikizo la damu likamsumbua. Kitandani hospitalini Bugando aliuliza kama redio imeshatangaza zawadi za Amerika. Akaambiwa bado. "Hawatampa Ndugu Mgongo," akasema. "Nyie mpeni." Alfajiri ya Jumatano tarehe 11 Machi 1998 akatutoka, Dorotea akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Dorotea, watoto, Kija na Nkwabi, wajukuu watatu, dada yake, Sabina, na banda lenye kikombe. Jumatatu ya Pasaka Bimdogo atampokelea Ndugu Mgongo kama kawaida. Safari hii jina la mshindi linajulikana, nanyi mtalitaja kwa sauti.

Ee Mungu, mwenzetu ameruka. Umdake, umlaze penye pamba, apumzike kwa amani.